Mtoto Aliyemlilia Shangazi

Fundisho kwa wazazi wanaosafiri na watoto wadogo katika likizo ya Noeli



Noeli inapokaribia, shule zinafungwa na njia zetu zinajaa wasafiri. Mama anamfunga mtoto mgongoni, baba anachukua sanduku na kuku, nao wanaelekea kwao walikozaliwa, ili babu na nyanya, wajomba na mashangazi, wapate kumwona mtoto ambaye hata leo wamemsikia kwa jina tu. Desturi hii ni njema, tena ni ya zamani. Mwana wa Mungu mwenyewe alipojifanya mtu hakuja kama mgeni asiye na ukoo. Alikuwa na Mama, na baba mlishi, na jamaa za Mama yake. Na alipokuwa mtoto wa miaka 12, akabaki Yeruzalemu, wazazi wake walimtafuta kwanza kati ya ndugu na rafiki waliosafiri pamoja nao. Ndivyo atuambiavyo Mwinjili Luka. Basi mtoto hakupewa watu wawili tu. Amepewa ukoo mzima, na ukoo nao una deni kwake.

Lakini leo sikukusudia kusifu safari tu. Nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Mimi ni katekista, tena mwalimu wa shule ya misioni. Kila juma nafundisha watoto Amri za Mungu, na siku ile, palipopasa kusema, nilinyamaza.

I. Yaliyotupata

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tulikaa misioni kando ya Ziwa Tanganyika, na jamaa zangu walikaa juu, katika milima ya Marungu. Tulisafiri kwa boti, kisha tukapanda kwa miguu siku nzima, tukafika tarehe 23 Desemba wakati wa jioni. Ukoo wote walikuwa uani wakitungojea. Mama yangu alikuja mbele kwa vigelegele, na mtoto akaficha uso katika shingo ya mama yake. Watu wakacheka.

Kisha akaja shangazi yangu mkubwa, dada wa marehemu baba yangu. Ni mjane. Alizaa watoto watatu, akawazika wote watatu. Jicho lake moja limefunikwa na utando mweupe, naye hutembea kwa fimbo. Siku ile alishika karanga za kukaanga, amezifunga katika jani la mgomba, zawadi ya mjukuu wake. Alipomnyoshea mtoto mikono, mtoto akapiga kelele kana kwamba amechomwa moto. Akashika nguo ya mama yake, akapiga miguu, akalia hata akakosa pumzi. Shangazi akacheka kidogo, akasema, "Bado hanijui." Akaweka karanga juu ya kigoda, akarudi nyuma. Wengine wakatazamana. Niliyaona macho yao, nikajua maana yake, nikajifanya sikuona.

Usiku wa mkesha wa Noeli mtoto akashikwa na homa kali. Mwili wake ulikuwa moto kama jiwe la jikoni, akatapika kila alichopewa. Kabla ya mapambazuko maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka nyumba zote. Mmoja alisema, "Mtoto mdogo huona tusiyoyaona sisi." Mwingine alisema, "Wake watatu wamekwisha. Sasa anatafuta wa wengine." Na binamu yangu, Mkristu aliyebatizwa kama mimi, akanijia kwa sauti ndogo, akaniambia kwamba ng'ambo ya mto yuko mfumu mwenye sifa, nasi tungeweza kwenda na kurudi kabla ya jua kuwa kali.

Nilijibu nini? Nilijibu, "Tungoje kwanza." Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Mimi ninayeandika Amri ya kwanza ubaoni kwa chaki, nilikuwa kama mtu aliyesimama katikati ya daraja. Niliogopa kifo cha mtoto wangu. Tena, mbele ya Mungu naungama, moyoni niliuliza kwa siri: je, kama ni kweli? Asubuhi hiyo ya Noeli hakuna aliyempelekea shangazi moto wala chakula. Mlango wake ulibaki umefungwa. Kunyamaza kwangu kulikuwa kama muhuri juu ya hukumu yao.

Aliyetuokoa ni mke wangu. Hakubishana na mtu. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua karatasi ya afya ya mtoto, akaniambia, "Baba, mimi nakwenda dispanseri." Nikamfuata. Ni mwendo wa saa mbili.

Mwuguzi alimchoma mtoto kidole, akaweka tone la damu katika kipimo, tukangoja kama robo ya saa. Ilikuwa malaria. Akatupa dawa ya siku 3, akatuonyesha namna ya kuiponda na kuinywesha. Mimi, kwa kuwa bado nilitafuta wa kumlaumu, nikasema, "Bwana, mtoto alikuwa mzima. Ameugulia hapa hapa kijijini." Akaniuliza, "Mmefika lini?" Nikajibu, "Juzi jioni." Akaweka kalamu chini, akanieleza polepole kama mwalimu kwa mwanafunzi. Kijidudu cha malaria, akasema, kikiingizwa mwilini na mbu, hujificha kwanza katika ini na kuzaana humo. Kwa kawaida hakileti homa kabla ya siku 7 hivi, na mara nyingi ni siku 10 hata 15. "Basi, mwalimu," akasema, "ugonjwa huu haukupatikana hapa. Mmeuleta wenyewe kutoka kwenu. Huko nyumbani mtoto analala ndani ya chandarua?"

Nikanyamaza mara ya pili. Chandarua tulikuwa tumepewa bure, mtoto alipozaliwa. Lakini katika mwezi wa Oktoba mimi mwenyewe nilikitoa kitandani, nikafunika nacho kitalu changu cha vitunguu, ili kuku wasiharibu miche.

Tazameni, Wakristu. Kijiji kizima kilitafuta mlozi, na mlango uliopitisha ugonjwa niliufungua mimi kwa mkono wangu.

II. Siku ya Watoto wasio na kosa

Dawa ilimalizika tarehe 27. Tarehe 28, Kanisa linapowakumbuka Watoto Watakatifu waliouawa na Herode, mtoto wetu alikuwa akikimbiza vifaranga uani. Siku hiyo nikawaomba wazee wakutane. Haikuwa kazi rahisi, kwani mtu aliyesoma hapendi kuonekana mjinga mbele ya ukoo wake. Nikawasimulia habari ya chandarua na vitunguu, na hesabu ya siku kama nilivyoisikia kwa mwuguzi.

Baba mdogo wangu mmoja, mtu wa busara, akauliza, "Mwanangu, mbu tumemsikia. Lakini mbu huuma watu wote. Mbona homa imemshika mtoto mara tu alipomlilia mama huyu?" Hili ndilo ulizo ambalo watu wetu wanaliuliza siku zote, nalo halifai kudharauliwa, maana mtu aliyepatwa na msiba hutaka kujua kwa nini umempata yeye na kwa nini siku ile. Mke wangu akaomba ruhusa ya kusema. Akasema, "Baba, mtoto huyu alikataa uji tangu tulipokuwa ndani ya boti. Alimlilia mwenye boti. Alimlilia nyanya yake. Alimlilia hata mbuzi wa jirani. Homa ilikuwa imekwisha kuanza mwilini, nasi tulidhani ni uchovu. Kilio hakikuleta homa. Homa ndiyo iliyoongeza kilio. Na kama kilio cha mtoto ni ushahidi, sherti tumhukumu na mbuzi." Wazee wakacheka, na ubishi ukaisha.

Kisha nikaenda nyumbani kwa shangazi pamoja na mtoto. Sikumtupa mikononi mwake. Tuliketi tu. Shangazi akabambua karanga, akazungumza nami habari za baba yangu, hakumtazama mtoto hata kidogo. Baada ya muda mtoto akashuka magotini mwangu. Akaigusa ile fimbo. Akaondoka, akarudi. Mwisho akafungua mkono wake, akaomba karanga.

Nikapiga magoti, nikamwomba shangazi msamaha. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto kunikataa si kitu. Watoto wote hukataa, kisha huja. Lakini wewe ulinyamaza. Baba yako nilimbeba mimi mgongoni." Hakusema zaidi. Maneno hayo hayajanitoka masikioni.

III. Mafundisho matatu

Fundisho la kwanza: Mtoto kuogopa si alama ya ubaya wa mtu.

Mwumba wetu amemwekea mtoto mdogo ulinzi. Tangu miezi 8 hivi huanza kupambanua nyuso za wanaomlea na nyuso za wageni, na woga huo waweza kudumu hata kupita mwaka wa pili. Huogopa ndevu, miwani, kofia, sauti kubwa, jicho lenye utando, hata kama ni vya mtu mtakatifu. Basi, ninyi wazazi, msimlazimishe mtoto kwenda mikononi mwa kila mtu siku ya kufika, wala msimpige kwa kuwa hakusalimu. Waelezeni wazee mapema, kwa heshima, kwamba mtoto atahitaji muda. Nanyi wazee wetu, ketini chini, mngojeni. Anayengojwa kwa upole huja mwenyewe.

Kumbukeni hekaluni Yeruzalemu. Siku 40 baada ya kuzaliwa, Yezu aliletwa na Maria na Yozefu. Waliompokea ni nani? Mzee Simeoni, na mjane Anna, ambaye Luka anataja miaka yake, 84. Mzee yule alimchukua Mtoto mikononi. Mjane yule alimshukuru Mungu na kutangaza habari zake kwa watu. Maria hakumficha Mwanawe mbele ya mjane kikongwe. Je, sisi tuna watoto wa thamani kuliko yule? Mama Kanisa anatufundisha hivyo hivyo: Papa Fransisko aliweka katika mwaka 2021 siku ya kuwakumbuka babu na nyanya na wazee wote, Jumapili ya 4 ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria.

Fundisho la pili: Ugonjwa una chanzo chake, na ni wajibu kukitafuta mahali kilipo.

Siku moja wafuasi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana nani alikosa, yeye au wazazi wake. Bwana wetu alikataa hukumu yao: si yeye, wala si wazazi wake. Kisha hakuendelea kubishana, bali alimponya. Someni habari hiyo katika Injili ya Mtakatifu Yoane, sura ya 9. Sisi pia tukiona mgonjwa, tusianze na kuuliza "Nani?" Tuanze na kumponya.

Akili ambayo Mungu amewapa wanadamu imefanya kazi. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alikiona kijidudu cha malaria katika damu ya wagonjwa. Mwaka 1897 Mwingereza, Ronald Ross, huko Uhindi, alikiona ndani ya mwili wa mbu. Mbu huyo ni jike, naye huuma hasa usiku. Nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nijeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na wanaokufa zaidi ni watoto wasiofikia miaka 5. Tukijua hayo, kisha tukamwacha mtoto bila chandarua na kumkimbilia mfumu, tunakosa mara mbili: tunavunja Amri ya kwanza, kwa kutafuta kwa mpiga ramli yaliyo ya Mungu, tena tunavunja Amri ya tano, kwa kuhatarisha uzima wa mtoto. Kumtumaini Mungu si kukaa mikono mitupu. Dawa nayo ni ya Mungu.

Fundisho la tatu: Kunyamaza mbele ya uwongo ni kushiriki uwongo.

Wengi wetu tunasema, "Mimi sikumshitaki mtu." Ni kweli, lakini ulisikia, ukainamisha kichwa. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uwongo, tena inakataza kumdhania mabaya bila sababu ya kweli. Neno "mlozi" ni neno dogo mdomoni, lakini katika nchi yetu limewatoa wazee nyumbani mwao, limewachomea nyumba, limewaua. Hata watoto wametupwa njiani kwa neno hilo, hivi kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto ulozi. Na wanaoshitakiwa ni akina nani? Karibu siku zote ni wasio na mtu wa kuwasemea: mjane, mgumba, yatima, mwenye kilema. Mlozi wetu ana kawaida ya kuwa maskini. Je, hilo peke yake halitufikirishi?

Katika kitabu cha Danieli twasoma habari ya Suzana, mwanamke mwema aliyesingiziwa na wazee wawili. Watu wote waliamini, akahukumiwa kufa. Kijana mmoja tu, Danieli, alipaza sauti kwamba yeye hana shirika katika damu ya mwanamke huyo. Kisha alifanyaje? Aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja chini ya mti gani walimwona. Majibu hayakupatana, na uwongo ukaanguka. Ulizo moja lenye akili liliokoa roho ya mtu. Nami siku ile ningaliuliza tu, "Homa hii ilianza lini?" mlango wa shangazi usingalifungwa siku ya Noeli.

IV. Maulizo ya kujibiwa nyumbani

Ulizo: Kabla ya safari yafaa kuandaa nini kwa ajili ya mtoto?
Jibu: Chandarua chake, karatasi yake ya afya, chanjo zilizotimia, maji yaliyochemshwa, na chakula alichokizoea.

Ulizo: Mtoto akipata homa safarini, tufanye nini?
Jibu: Tumpeleke dispanseri siku ile ile, wala tusingoje kesho, tena tusali tukiwa njiani.

Ulizo: Akimlilia mzee wa ukoo?
Jibu: Tumshike kwa upole, tucheke pamoja na mzee, tuketi karibu naye, tungoje.

Ulizo: Wakianza kumnong'ona mtu kuwa mlozi?
Jibu: Tuseme wazi, mbele ya wote, kwamba hatukubali. Kisha twende kula nyumbani kwa huyo anayenong'onwa.

Jibu hili la mwisho ni gumu kuliko mengine yote. Kutetea kwa maneno ni vema, lakini watu huamini zaidi wanapokuona mkono wako katika sahani ya yule waliyemtenga. Bwana wetu alifanya hivyo, akala na Zakayo, na mji wote ukanung'unika.

Chandarua chetu kimerudi kitandani. Kina matundu mawili ya kuku, mke wangu ameyashona. Noeli iliyofuata tulikwenda tena kule juu, na tulipokaribia kijiji mtoto aliachia mkono wangu, akakimbia mbele. Hakwenda kwa nyanya yake kwanza. Alikwenda kwa mwenye karanga.

Tusali: Ee Yezu, Mtoto wa Betlehemu, uliyepokewa na mzee na mjane, utulindie watoto wetu wadogo njiani na nyumbani. Uwatunze wazee wetu, hasa wasiobaki na mtoto hata mmoja. Ututie ushujaa wa kusema kweli wakati watu wote wananyamaza. Bikira Maria, Mama wa safari, utuombee. Watoto Watakatifu wasio na kosa, mtuombee. Amina.